Barafu ya Mzee Venant

Maji yalitoka chini ya mlango kabla watu wa kilio hawajamaliza chai. Yalianza membamba kama uzi, yakavuka kizingiti, yakashuka ngazi za saruji na kushika njia ya robine, bomba la maji la mtaa, ambako wanawake wa mtaa walikuwa wamepanga madumu yao. Concilie aliyaona wa kwanza. Tangu jana alfajiri, baba yake alipokata roho, alikuwa hatulii: akiketi anasimama, akisimama anakwenda dirishani, akifika dirishani anakumbuka kitu ndani. Alivuta kitenge kwenye kamba, akapiga magoti, akaziba njia ya maji. Kitenge kililowa mara moja. Maji yakapita pembeni.

"Ile maji inatoka wapi?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka kwenye robine.

"Ni barafu, mama. Barafu inayeyuka tu."

"Barafu iliyomulalia nani?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliinua dumu lake, ambalo lilikuwa halijajaa, akalisogeza juu ya jiwe. Wenzake nao wakaanza kuondoa ya kwao. Mzee Venant alikufa kwa moyo, na Kalundu nzima ilijua, kwa kuwa nusu ya moteri za boti zilizofungwa pale bandarini zilipita mikononi mwake. Lakini mji uliozika watu kwa kolera hauulizi maji ya maiti yanatokana na ugonjwa gani. Unaangalia yanaelekea wapi tu.

Concilie alijua kwamba sasa kazi imeanza. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima tangu mvua iangushe nguzo, na chumba cha maiti cha hospitali kilikuwa na joto sawa na jiko. Wengine wote waliofiwa wiki ile walizika siku ileile. Yeye ndiye aliyekataa. Alikuwa amempigia simu kaka yake mkubwa, Damien, aliyeishi Kalemie na ambaye alimwita Yaya kwa kuwa ni mkubwa wake, akamwambia maneno ambayo sasa yalimzunguka kichwani kama nzi: "Panda boti, Yaya. Utamkuta. Nakuapia utamkuta."

Asingeapa kama si habari ya mama yao. Mama alizikwa Damien akiwa njiani, na alipofika alioneshwa tuta la udongo na msalaba wa mbao. Alilitazama, akaitikia kwa kichwa, akala chakula, akarudi Kalemie. Miaka ilipita. Lakini mpaka leo, akiona mwanamke mwenye mgongo wa namna fulani katikati ya soko, humfuata mpaka amwone uso. Mke wake ndiye aliyemwambia Concilie jambo hilo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Damien hakubishana na mtu kwamba mama amekufa. Ila hakuwahi kuamini.

Simu ya mwisho Damien aliipiga boti ilipokuwa karibu na mji wa Baraka. Moteri ilikuwa inakohoa, alisema, na ziwa limechafuka. Kisha mtandao ukakatika.

Shefu wa mtaa, Kizito, alikuja akiwa amevaa buti za mpira na kubeba ndoo ya klori, dawa ya kuua vijidudu. Hakuwa mtu wa makelele. Alisimama nje ya mlango, akatazama mfereji mdogo wa maji, akautilia klori mwenyewe, kisha akamwita Concilie pembeni.

"Binti ya Venant, minye na baba yako tulikuwa marafiki. Unajua."

"Najua, Shefu."

"Lakini asubuhi hii nimeitwa na akina mama wote wa robine. Wote! Ata bibi yangu, mama ya watoto wangu, iko ndani. Sasa sikia. Maji ikivuka tena hiki kizingiti, tunabeba muntu na tunaenda kuzika. Isipovuka, nakuachia mpaka jua iingie nyuma ya milima. Kisha tunabeba vilevile."

"Damien yuko kwenye boti."

"Mungu amulete mbio." Alichota klori tena, akanyunyiza pale alipokuwa amekwisha kunyunyiza.

Concilie alirudi ndani. Baba alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha mbao katika chumba cha mbele, mapande ya barafu yamepangwa ubavuni mwake, na chini kulikuwa na mabeseni ambayo hayakutosha. Kila pande lilikuwa limekonda tangu usiku. Jasho lake lilipita kwenye shuka, kwenye mkeka, kwenye nyufa za sakafu. Barafu haikuwa mbaya. Ilifanya kazi yake. Ila ilipomaliza iligeuka maji, na maji hayana adabu, yanakwenda yanakotaka.

Alifikiria konjelatere ya Pierre.

Pierre alikuwa na jenereta karibu na bandari, na katika konjelatere yake, friza kubwa ya kugandishia, Concilie alilaza mifuko ya baridi ya biashara yake. Alikuwa anapeleka samaki wa sangala na mikebuka Bukavu kwa gari, na kwa muda mrefu barafu ilimtia hasara: ikiyeyuka, samaki waliogelea katika uchafu wao wenyewe na kulegea kabla ya kufika. Kisha siku moja pampasi ya mtoto wake, Fanny, ilidondokea kwenye beseni la nguo. Alipoitoa ilikuwa imevimba kama jipu, na beseni lilikuwa karibu kavu. Aliipasua. Ndani mlikuwa na ute mweupe unaotetemeka, na alipoukamua, haukutoa tone.

Tangu hapo alijifundisha mwenyewe, polepole, akijaribu na kukosea. Aligundua kwamba maji yaliyonywewa na ile poda iliyomo ndani ya pampasi hayana haraka. Yanakawia kuganda, na yakiganda hayawi pande moja, yanakuwa punje punje, kila punje imefungiwa kwenye chumba chake. Yakiyeyuka hayaendi popote. Tena kuna jambo jingine: ukitia poda nyingi na maji kidogo, kuna sehemu ya maji ambayo haigandi kabisa, konjelatere ilie itakavyo. Hakujua kwa nini. Alidhani ni kwamba poda imeyakumbatia sana hata yanakosa nafasi ya kujipanga kuwa barafu. Mfuko wa namna hiyo unatoka ukiwa baridi kama jiwe la mtoni, lakini unakunjika kama unga uliokandwa. Ile migumu aliitumia kutunza baridi kwa muda mrefu. Ile laini aliitumia kuzungushia shingo za samaki wakubwa, ingawa haikudumu sana.

Kwenye konjelatere kulikuwa na mifuko mipya, haijagusa samaki bado. Aliifuata mwenyewe, mbio, akaileta nyumbani kwenye boksi kichwani. Ndipo alipokutana na Shangazi Geneviève mlangoni.

Shangazi alikuwa dada wa pekee wa marehemu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kanisani. Alifunua boksi. Mifuko ilikuwa pampasi zenyewe, zimejazwa maji, zikagandishwa na kufungwa kwa gundi ya karatasi. Kwenye kila moja palichorwa sungura wa buluu anayecheka.

"Hii ni nini?"

"Ni baridi, Shangazi. Haitoi maji."

"Nakuuliza hii ni nini."

"Ni pampasi."

"Eeeh!" Shangazi aliwageukia wanawake waliokaa mkekani. "Mumesikia? Kaka yangu! Muntu aliyefungua moteri ya meli na kuirudisha akiwa amefumba macho! Leo binti yake anamuvalisha pampasi ya sungura!"

"Simvalishi, namwekea pembeni."

"Pembeni ya mukojo! Weye Concilie, unataka watu ya Kalundu waseme nini? Kwamba Venant alienda mbinguni na kushe ya mutoto?"

Mwanamke mmoja mkekani alijikaza asicheke, akashindwa, akajifunika uso kwa kitenge kana kwamba analia. Concilie alihisi miguu ikitaka kuondoka peke yake. Alitazama dirishani: ziwa lilikuwa la kijivu, mgongo wake umejaa povu jeupe, na hapakuwa na boti.

Hakubishana. Alichukua kikombe cha chai kilichokuwa kitupu, akakitia maji, akachana pampasi moja kavu ya akiba yake ya biashara na kumimina poda yake. Akahesabu pumzi zake kimoyomoyo, kisha akakipindua kikombe juu ya miguu ya Shangazi.

Shangazi alipiga ukelele na kuruka. Hakikumwagika kitu.

"Ni maji," alisema Concilie. "Ni maji yaleyale ya robine. Poda imeyashika. Shangazi, shefu amesema maji yakivuka kizingiti wanambeba Papa. Na Damien hajafika. Unakumbuka ilivyokuwa kwa Mama?"

Shangazi aliingiza kidole ndani ya kikombe. Akakitoa, akakitazama, akakipangusa kwenye kanga. Yeye ndiye aliyempokea Damien siku ile ya tuta la udongo. Yeye ndiye aliyempa chakula akala bila kulia.

"Ile sungura sitaki kuiona," alisema mwishowe. "Leta makasi. Leta ile shuka yake ya maua. Na sindano, haraka, unasimama hivyo kama mulingoti sababu gani?"

Kwa hiyo walishona. Shangazi alikata shuka ambayo kaka yake alilalia miaka mingi, wanawake wa mkekani wakatunga vifuko, na Concilie akavua sungura mmoja mmoja na kumimina ute wenye barafu ndani ya vifuko. Mapande ya barafu yaliyokonda waliyatoa nje kwa mlango wa nyuma, katika mabeseni. Sakafu ilipanguswa kwa klori. Vifuko vigumu viliwekwa ubavuni na kifuani. Vile laini Concilie aliviweka kwa mikono yake mwenyewe, kimoja chini ya kisogo, vingine shingoni na mashavuni, akavikunja mpaka vikaukumbatia uso wa baba bila kuuficha. Shangazi alinyoosha ukosi wa shati.

"Anaonekana kama amejifunika kwa sababu ya malaria," alisema. Ilikuwa ndiyo ruhusa yake.

Sakafu ilikauka. Watu wa kilio walianza kuimba. Concilie alitoka, akatazama ziwa, akaingia, akagusa kila kifuko, akatoka tena. Upepo ulizidi. Mtu kutoka bandarini alileta habari kwamba kuna boti imeonekana upande wa kusini, imesimama, haisogei; wengine walisema moteri imekufa, wengine kwamba nahodha anaogopa mawimbi. Aliamua kwenda kuona kwa macho yake. Alimwita mume wake, Ushindi, aliyekuwa akipanga viti chini ya bashi, turubai la kilio.

"Kaa na Papa. Usiruhusu mtu afungue dirisha la upande wa jua. Narudi sasa hivi."

"Nenda, nenda. Minye niko."

Ushindi alikuwa mtu wa samaki tangu utotoni, na mtu mwenye moyo mwepesi. Alikaa karibu na kitanda cha mkwe wake, akagusa kifuko cha kifuani, akaona kimeanza kupoteza ukali. Chumba kilikuwa na joto. Mkewe alikuwa amehangaika tangu jana. Naye alitaka kufanya kitu. Pale Kalundu hakuna anayelaza samaki kwenye barafu bila kuirushia chumvi. Barafu yenye chumvi huuma zaidi, kila mtu anajua hilo, kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Aliingia jikoni, akachukua bakuli la chumvi, akaanza kunyunyiza, kifuani kwanza, kisha ubavuni, kwa heshima, kama mtu anayetupa udongo wa kwanza. Ubavu mmoja alipoumaliza, chumvi ikaisha. Akatuma jirani amletee nyingine.

Concilie aliiona boti. Ilikuwa imetia nanga mbali na gati, ikipanda na kushuka. Alipunga mkono, jambo la kijinga, hakuna ambaye angemwona. Aliwasihi vijana wa mitumbwi. Wakamwambia ngoja upepo ukae kidogo. Akarudi akikimbia na kutembea, akikimbia na kutembea. Alipofika kwenye ngazi alimkuta Shangazi amesimama katikati ya mlango, mikono kichwani.

"Vinalia," alisema Shangazi. "Vile vifuko. Vinalia vyote!"

Ndani, maji yalikuwa yanatiririka kutoka kifuani mwa Mzee Venant, yakifuata mikunjo ya shati, yakidondoka kitandani. Ushindi alikuwa amepiga magoti na beseni.

"Nimetia chumvi tu, mama Fanny. Kidogo! Ili baridi iume."

Concilie hakujua chumvi ingefanya hivi, ila alielewa papo hapo, kwa sababu aliwahi kuchanganya ile poda na maji ya samaki wa chumvi na ikakataa kuyanywa. Sasa alikuwa anaona ikitapika hata yale iliyokwisha kunywa. Kumbatio lilikuwa limeachia. Alijisikia anataka kumpiga mumewe, kisha akaona mikono yake inavyokinga matone kwa beseni, akaona kwamba ni mikono iliyotaka kusaidia. Yeye mwenyewe hakumwambia chochote kuhusu chumvi. Angemwambiaje kitu ambacho hakuwahi kukifikiria?

"Toa vyote vilivyoguswa," alisema. "Weka nje, nyuma. Shangazi, pampasi kavu zote! Chana!"

Walichana. Poda iliruka kama unga wa kinu. Waliimwaga chini ya kitanda, mbele ya kitanda, wakaimwaga tena kwa kuwa maji ya chumvi ilinyonya kwa uvivu. Maji yaligeuka uji, uji ukajikokota mpaka karibu na mlango. Concilie alichana ya mwisho kwa meno, akaitandaza juu ya kizingiti kwa kiganja, akabaki hapo amepiga magoti, mkono umebana saruji, akisikiliza buti za mpira za shefu zinakuja.

Kizito aliinama. Alikuwa ameongozana na wanaume wanne wenye machela. Juu ya kizingiti palikuwa na kitu cheupe, kimevimba, kinang'aa. Shefu alichukua kijiti, akakichoma. Kilitetemeka, kikabaki pale pale.

"Hii ni maji, ao si maji?"

"Ni maji," alisema Concilie. Hakuweza kumdanganya. "Lakini haitembei."

"Haitembei."

"Haijavuka, Shefu. Angalia."

Kizito alitazama ngazi, zilikuwa kavu. Alichoma tena, mara hii polepole, kama mtu anayegusa mnyama aliyelala. Wanaume wa machela walisogea wakatazama nao, mmoja akasema ni dawa ya wazungu, mwingine akasema ni uchawi wa Shangazi Geneviève, na Shangazi akamwambia akatafute mama yake amfundishe adabu.

"Nilisema ikivuka," alisema Kizito. "Haijavuka. Basi nimesema jua, ni jua." Akageuka kutazama milima, ambayo tayari ilikuwa imeanza kuutupia mji kivuli chake.

Damien alifika kwa mtumbwi, ameloa mpaka kiunoni, begi lake kichwani. Alikuwa amezeeka kuliko sauti yake ya simu. Watu walimpisha na kilio kikapanda, lakini yeye hakulia. Alisimama mbele ya kitanda. Vifuko vya kifuani havikuwepo tena, wala vya ubavu mmoja. Vile laini vya shingoni na mashavuni, ambavyo chumvi haikuvifikia, bado vilikuwa mahali pake, vimenywea kidogo, vya maua. Uso wa baba yao ulikuwa bado ni uso wake mwenyewe.

Concilie alishusha pumzi. Alingoja.

Damien alinyoosha mkono, akagusa paji la uso, akaurudisha haraka.

"Ni baridi sana."

"Ni barafu, Yaya. Tumemwekea ili umkute."

"Barafu." Alilirudia neno hilo. Akatazama vifuko, akatazama kifua kisichopanda. Macho yake yakaanza kwenda huku na huku, na Concilie akaiona ile hali ambayo mke wake alikuwa ameisimulia, ya mtu anayefuata mgongo katikati ya soko. "Sasa minye nitajua namna gani? Muntu yeyote ukimuwekea barafu siku nzima atakuwa baridi hivi. Ata mimi."

"Damien!" alisema Shangazi.

"Nauliza tu, Shangazi. Nauliza."

Mlangoni Kizito alikohoa. Kivuli cha milima kilikuwa kimefika kwenye robine. Concilie alitazama kazi yake ya siku mbili, kila kifuko alichokibeba, alichokikunja, alichokipigania, akaelewa kwamba ndicho kilichosimama sasa kati ya kaka yake na baba yao.

Aliinama, akaanza kuvitoa. Kile cha shavu la kulia, kile cha kushoto, vya shingoni, na vya ule ubavu uliobaki. Alimwinua baba kichwa kwa mkono mmoja na kuvuta kile cha kisogo. Aliviweka sakafuni bila kuangalia vimeangukia wapi. Kisha akaenda kwenye dirisha la upande wa jua, alilokuwa amekataza lisifunguliwe, akalifungua. Upepo wa joto ukaingia, wenye harufu ya ziwa na dagaa.

"Shefu," alisema, "tupe muda mdogo. Hakuna maji tena ya kuvuka. Shika mlango mwenyewe."

Kizito alivua kofia, akasimama kwenye kizingiti, mgongo kwa watu.

Damien alikaa kitandani. Aliweka kiganja kwenye shavu la baba yao na hakukitoa. Watu waliimba nje, wakanyamaza, wakaimba tena. Ushindi alikuwa amejibanza pembeni, haangalii mtu. Concilie alitaka kutembea, alitaka kwenda dirishani, lakini alijilazimisha kukaa sakafuni karibu na miguu ya kaka yake, na kwa mara ya kwanza tangu jana alikaa. Aliangalia kile kiganja. Joto la mkono lilikuwa linaingia kwenye shavu polepole, baridi inaondoka, na chini ya mkono ule uso ulikuwa unafanana na uso wa mtu yeyote aliyelala mchana wa Kalundu. Ila baba hakupumua. Damien aliinama akaweka sikio lake karibu na mdomo. Akabaki hivyo.

"Baridi imeisha," alisema baadaye, taratibu.

"Ndiyo."

"Na haamki."

"Haamki, Yaya."

Damien aliitikia kwa kichwa. Mabega yake yalianza kutikisika kabla sauti haijatoka, na ilipotoka haikuita baba peke yake. Iliita Mama, iliita kwa jina lake la nyumbani, iliita mpaka wanawake walioshona vifuko wakaacha kuimba. Shangazi Geneviève alimshika kichwa, akakiweka kwenye kanga yake.

Ilipokwisha, Damien alisimama mwenyewe, akauvuta mwisho wa shuka juu ya uso wa baba yake, akawageukia wanaume wa machela.

"Tumubebe," alisema. "Mumeningojea minye ya kutosha."